Kutafakari kwa muziki wa kubuni papo hapo: mwongozo wa kuanzia kwa watu wa Kisumu na magharibi yote ya Kenya

Maswali ni yale yale kila wiki. "Mimi sijui muziki, nitaweza?" "Ni lazima niwe na nyatiti, ile ala ya nyuzi nane ya Waluo?" "Hii si dini ya Kihindi?" "Tutapiga wimbo gani?" Nimeona afadhali niyajibu yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, ili ukimaliza kusoma uweze kuwaita watu wako Jumamosi na kuanza.

Jambo lenyewe ni hili. Watu wachache, kila mmoja na ala ya kwao aliyoizoea, wanaketi pamoja na kupiga muziki ambao haujapangwa. Hakuna wimbo, hakuna kiongozi wa kuimbisha, hakuna watazamaji. Hatutafuti muziki mzuri, ingawa wakati mwingine unakuja wenyewe. Tunatafuta akili itulie, na njia ya kuituliza ni masikio.

Kwa nini tusumbuke kuchanganya watu wa muziki tofauti, ilhali wapigaji watatu wa litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu, kutoka Bungoma wangeelewana bila taabu? Kwa sababu wangeelewana mno. Mikono yao inajua kinachofuata kabla sikio halijasikia, na mikono ikishajua, akili inapata nafasi ya kwenda zake: kwenye karo, kwenye deni la chama, kwenye maneno ya juzi. Weka tabla, ngoma mbili za Kihindi, kando ya litungu, na mwenye litungu hana tena cha kukisia. Anabaki kusikiliza tu. Huko kubaki kusikiliza ndiko kutafakari kwenyewe, na kila hatua hapa chini inalitumikia jambo hilo moja.

Wala si jambo geni. Mwaka 1964 mjini Tokyo, Tony Scott, mpigaji klarineti kutoka Marekani, aliketi na Shinichi Yuize mwenye koto, ala ya nyuzi ya Kijapani, na Hozan Yamamoto mwenye shakuhachi, ile filimbi ya mwanzi ya Kijapani, wakarekodi muziki wa kutafakari waliokuwa wakiubuni palepale. Kwetu, marehemu Ayub Ogada (1956–2019) aliibeba nyatiti hadi Uingereza miaka ya 1980, akaipiga kwenye stesheni za treni za London, baadaye akashirikiana na wanamuziki wa kila namna. Na Kisumu ni mji uliozoea mchanganyiko tangu reli ilipofika mwaka 1901, wakati huo ukiitwa Port Florence. Jamii za Kihindi zilizokuja na reli na biashara zilikuja pia na tabla na hamoniamu, kinanda kidogo cha upepo. Nadharia imetosha, twende kazini.

UNACHOHITAJI KABLA YA KUANZA

Watu watatu hadi watano. Wawili wanaweza, lakini wawili huishia kuzungumziana kwa ala. Wakizidi watano, mwanzoni, huwezi kumsikia kila mmoja.

Ala ambazo hazikulelewa pamoja. Mmoja awe na nyatiti au orutu, zeze ya Waluo, mwingine tabla au hamoniamu, mwingine gitaa, filimbi, kayamba, obokano, ala ya nyuzi kutoka Kisii, au sauti yake tu. Angalau mila mbili za muziki ziwepo, vinginevyo unafanya mazoezi ya bendi.

Kama huna ala, usinunue chochote bado. Jerikani ya lita 20 iliyo tupu, ukiigeuza na kuipiga kwa kiganja karibu na ukingo, inatoa sauti nene, tulivu, isiyochosha. Chupa ya soda ukiipuliza mdomoni inatoa noti moja safi, na ukitia maji kidogo noti inapanda. Nimewaona watu wenye chupa wakitulia haraka kuliko wenye gitaa, kwa kuwa chupa haina cha kujionyesha nacho.

Mkeka au vigoda. Nyatiti hupigwa mpigaji akiwa amekaa chini kabisa, hivyo wengine nao washuke. Mtu aliye kwenye kiti cha plastiki juu ya wenzake hajisikii yuko ndani ya duara.

Saa moja na nusu isiyo na haraka, na kitu cha kugonga ishara: kijiko na glasi vinatosha.

Ruhusa. Hili nitalieleza kwenye hatua ya pili, na tafadhali usiliruke.

HATUA KWA HATUA

1. Chagua watu kwa tabia, si kwa ustadi.

Mpigaji hodari asiyejua kunyamaza ataharibu kikao. Mtu asiyejua kupiga chochote lakini anajua kukaa kimya anafaa sana. Ukimwalika jathum, yaani mpigaji nyatiti, aliye mzee, mweleze mapema kwamba hakutakuwa na sifa za watu wala kutuzwa pesa, maana yeye amezoea thum, muziki wa nyatiti, ni mahali pa kusifu, kusimulia na kutoa maoni. Mwambie, "Jaduong' (mzee), leo tunaomba nyuzi tu, bila maneno." Wazee wengi hulielewa ombi hilo haraka kuliko vijana.

Wasichana huuliza kama wanaruhusiwa kushika nyatiti. Kwa mila ilikuwa ala ya wanaume. Leo wanawake wanaipiga hadharani, akiwemo yule Mjapani anayejulikana kama Anyango, aliyejifunza kwa wazee wa Siaya. Lakini ala ya mtu ni ya mtu. Kama unaazima nyatiti ya boma fulani, muulize mwenyewe masharti yake na uyafuate.

2. Omba ruhusa na uweke mipaka ya nyimbo.

Kabla ya siku ya kwanza, kila mmoja aseme ni miziki ipi ya kwao haichezewi. Kila jamii inayo. Chinyimba, zile njuga anazogonga kijana wa Kibukusu anapojiandaa kutahiriwa, zina msimu wake na mwenyewe wake; usizilete kwa sababu zinalia vizuri. Midundo ya matanga nayo iache. Mtu aliyezika mwaka huu akisikia mdundo wa msiba hatatafakari, ataumia. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, hupigwa kwenye shughuli za jamii. Ukibahatika kupata ngoma moja kati ya zile tatu, omba sauti ya ngoma na uiachie jamii mitindo yake.

Kwa Wahindi ni vivyo hivyo. Kirtan, nyimbo zinazoimbwa kwenye gurdwara, hekalu la Masikh, ni ibada. Ukitaka kuisikia, nenda uisikie pale pale. Unavua viatu, unafunika kichwa, unaketi chini, na unakaribishwa. Usimwombe mpigaji akuletee sala zake sebuleni. Mwombe akuletee tabla yake.

3. Tafuta mahali na saa.

Ndani ya chumba ni bora kuliko nje kwa vikao vya mwanzo. Chumba chenye mapazia na godoro hakina mwangwi mkali. Mabati yenye mvua juu yake hayafai kabisa.

Mnaopenda kuketi kando ya ziwa, Dunga au Hippo Point, nendeni asubuhi. Jioni kiboko hutoka majini kwenda malishoni, na mtu aliyefumba macho ufukweni hamwoni anakuja. Mbu nao huanza kazi giza linapoingia. Malaria ya ukanda huu si ya kuchezea. Watu wa Nakuru, ninyi mna baridi ya jioni: vidole vikikakamaa nyuzi hazitii, kwa hiyo pigeni mchana.

Kanuni za kelele za mwaka 2009 za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na viwango vya usiku kwenye makazi ni vya chini sana. Malizeni kabla ya hapo. Na waambie majirani na mwenye nyumba mnachofanya. Tangu yaliyotokea Shakahola mwaka 2023, ambako wafuasi wa mhubiri walikufa kwa kufunga kula, watu wana haki ya kuogopa kikundi kinachojifungia ndani kwa ajili ya mambo ya roho. Acheni mlango wazi. Mzee wa Nyumba Kumi, yule wa usalama wa mtaa, akipita, akaribishwe aketi na asikilize. Hakuna kufunga kula, hakuna siri, hakuna michango kwa mtu.

4. Tunini kwa kufuata ala isiyobadilika.

Hapa ndipo vikao vingi vinakufa kabla ya kuanza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hamoniamu, kinanda na filimbi vimetoka kiwandani na noti zake. Huwezi kuvibadilisha. Nyatiti, litungu na obokano hutuniwa na mpigaji kwa sikio, mara nyingi kulingana na koo lake mwenyewe, na si lazima noti zake zikutane na za kinanda. Hakuna aliyekosea. Ni nyumba mbili zenye ngazi za urefu tofauti.

Basi anayeweza kusogea ndiye asogee. Mwenye hamoniamu ashike noti moja na kuiachia ilie. Mwenye nyatiti achague uzi mmoja kati ya nane, ule anaouona kuwa nyumbani, aukaze au aulegeze mpaka ukae juu ya noti ile. Utajua umefika kwa jinsi sauti mbili zinavyoacha kutetemeka na kuwa moja. Ukisikia mtikisiko wa "wa-wa-wa" katikati yake, bado. Nyuzi nyingine azilinganishe na uzi huo kama alivyozoea kwao. Msimlazimishe azilinganishe zote na kinanda; mkifanya hivyo mmeiua nyatiti na kubaki na gitaa baya.

Mwenye kinanda, kwa vikao vya mwanzo, apige vitufe vyeusi tu. Ni noti tano zisizogombana sana na chochote, na hazina mvutano ule wa kutaka kumalizikia mahali. Tabla ya kulia hutuniwa kwa kugonga ukingo kwa nyundo ndogo hadi ikubaliane na noti ya nyumbani. Mpeni mwenye tabla muda, maana hawezi kuharakishwa. Orutu ina uzi mmoja tu na kidole huteleza popote, kwa hiyo ndiyo ala rahisi kuliko zote kuikaribisha kwa wageni.

Onyo: nyuzi mpya za nailoni, zile zile za kuvulia samaki, hulegea mfululizo siku za kwanza. Zifungeni siku mbili kabla, mzivute, mtuni tena. La sivyo mtatumia kikao kizima kukaza nyuzi.

5. Ketini kwa duara na mkubaliane sheria.

Ni tatu tu. Hakuna wimbo unaojulikana. Hakuna anayepiga kwa sauti ya kuwafunika wenzake: kama humsikii aliye mbali nawe zaidi, punguza. Na yeyote anaweza kunyamaza wakati wowote bila kueleza.

Simu zizimwe kabisa, si kuwekwa kimya tu. Msirekodi. Najua mtatamani, hasa pale muziki utakapokuwa mtamu, lakini simu ikiwaka tu kila mmoja anaanza kuwapigia watu wasiokuwepo. Baada ya miezi kadhaa mkitaka kurekodi, sawa.

Mteueni mshika saa. Kazi yake ni kugonga glasi mwanzo, kugonga tena wakati wa kushuka, na kugonga mwisho. Apige kama wengine.

6. Dakika tano za kimya.

Fumbeni macho au mtazame chini. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, taratibu, bila kujikaza. Kisha acha kuhesabu na usikilize nje: bodaboda, kuku, redio ya jirani, mtu anayefagia. Usichague sauti nzuri na kuziacha mbaya. Zote ni sehemu ya kikao. Adhana ikianza, subirini imalizike. Huo ni muda mzuri wa kusikiliza, na pia ni adabu.

7. Mvumo: dakika kumi za noti moja.

Mtu mmoja aanze kushikilia noti ya nyumbani. Hamoniamu inafaa zaidi, kwa kuwa upepo wake haukatiki. Kama hakuna, orutu isuguliwe polepole, au watu wavumishe kwa koo midomo ikiwa imefungwa. Wengine wakae ndani ya mvumo huo bila kupiga chochote.

Dakika mbili za kwanza utachoka. Utaona ni upuuzi. Kaa. Baada ya hapo sikio huanza kusikia kwamba noti moja si moja: ina sauti nyembamba juu yake, ina mchanga ndani yake, inabadilika kila pumzi ya hamoniamu inapogeuka. Wanamuziki wa Kihindustani, wa kaskazini mwa India, hujenga muziki wao juu ya mvumo kama huu, wenyewe wana tanpura, ala ya nyuzi, kwa kazi hiyo tu, na raga, muziki wao wa kubuni juu ya noti maalumu, hufunguliwa kwa alap, sehemu isiyo na mdundo, ambapo noti zinatafutwa moja baada ya nyingine. Tunaazima subira hiyo tu.

Kosa la kawaida hapa ni haraka. Wanaoanza hufupisha mvumo ili "muziki uanze." Ukifupisha, hatua inayofuata itakuwa kelele.

8. Ingieni mmoja mmoja, noti moja moja.

Aliye kushoto kwa mwenye mvumo apige noti moja. Moja tu. Aisikilize mpaka ife kabisa. Halafu wa pili apige yake, bila kujibu ya kwanza, bila kuikosoa. Mzunguke mara kadhaa hivi. Baadaye zamu zivunjike zenyewe, kila mmoja apige anapoona nafasi.

Mwenye nyatiti ana kazi ngumu kuliko wote hapa, kwa kuwa ala yake imeumbwa kwenda, haikuumbwa kusimama. Vidole vikianza mwendo vinataka kuendelea. Ashike uzi mmoja, auachie, akae. Wapigaji wa zamani huniambia kwamba hawakuwahi kuusikia mwisho wa uzi wao mpaka walipofanya hivi.

9. Mdundo uje mwishoni, na uwe wa mtu mmoja.

Mpigaji nyatiti huvaa oduong'o, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, na kuigonga kwenye mti wa ala, huku gara, zile njuga za mguuni, zikilia pamoja nayo. Kwa kikao hiki, vua gara ubaki na oduong'o. Gara huita watu wacheze. Oduong'o peke yake, chuma kwenye mti, tok, tok, tok, inakuwa saa ya chumba kizima. Igongwe polepole, karibu na mara moja kwa sekunde, na isiongezeke. Kama hakuna nyatiti, jerikani ifanye kazi hiyo.

Wengine wafuate pigo hilo kwa kidogo sana. Mwenye tabla atataka kuleta tintal, mzunguko wake wa mapigo 16, na mwenye litungu ana mwendo wake wa kwao. Mizunguko hii haitakutana vizuri kwa kubahatisha, na mkianza kuihesabu mmerudi kwenye hesabu. Kwa miezi ya mwanzo mwenye tabla atumie bayan tu, ile ngoma ya kushoto yenye sauti nene, agonge moja moja juu ya oduong'o na kuiacha ivume.

Onyo kubwa: mdundo hupanda kasi wenyewe. Watu wakifurahi wanakimbia, na dakika tano baadaye mko kwenye benga, muziki wa kucheza. Mwenye oduong'o ndiye breki. Akisikia wanakimbia, asigonge kwa nguvu kuwazuia. Anyamaze mapigo manne, kisha arudi kwa mwendo wa mwanzo. Watashuka.

10. Kazi yenyewe: sikiliza ala iliyo mbali zaidi na yako.

Sasa mnapiga. Akili itatoroka, ni lazima. Utajikuta unapanga noti yako inayofuata, au unawaza chakula, au unajisifu. Ukigundua, usijigombeze. Chagua ala ngeni kwako kuliko zote chumbani na uifuate kwa masikio: nyatiti ifuate tabla, tabla ifuate orutu, gitaa lifuate jerikani. Fuata inapoanza, inapoishia, na ukimya ulio katikati. Mikono yako iachie ifanye kidogo inachofanya. Ukitoroka tena, rudi tena kwa ala ile ile.

Endeleeni dakika 20 hadi 30. Mtu akitaka kunyamaza na kusikiliza tu nusu ya muda huo, amefanya kazi yote inayotakiwa.

11. Shukeni.

Mshika saa agonge glasi mara moja. Mdundo uishe kwanza, kisha noti, mvumo ubaki peke yake kwa muda, halafu nao ukatike. Kaeni kimya dakika tano nyingine. Hapa ndipo pana utulivu mwingi zaidi wa kikao kizima, na ndipo watu wengi wanapoharibu kwa kupiga makofi au kusema "hiyo ilikuwa tamu!" Msipige makofi. Glasi igongwe tena, nyoosheni miguu, mnywe chai.

Mkizungumza, zungumzieni mlichosikia, si nani alipiga vizuri. "Nilisikia bayan ikijibu mlango" ni neno zuri. "Wewe ulikosea pale" halina nafasi, kwa kuwa hapakuwa na pa kukosea.

MAMBO YAKIKWAMA

Akili haitulii kabisa. Angalia mikono. Karibu kila mara unapiga noti nyingi mno. Punguza hadi noti moja kwa kila pumzi mbili. Ikishindikana, weka ala chini kwa kikao kizima na usikilize tu.

Nasinzia. Pengine ni uchovu tu. Lala, uje siku nyingine. Kama ni kila mara, usiegemee ukuta, na usije mara baada ya kula ugali.

Mmoja anafunika wote. Msimkemee mbele ya watu. Kikao kinachofuata mpe mvumo. Anayeshika mvumo hawezi kujitanua, na mara nyingi mtu huyo huyo huwa mshika mvumo bora.

Tunajikuta kwenye wimbo wa kanisani au wa redio. Ni kawaida, na nyimbo za kitabu zimo damuni mwetu. Anayeutambua kwanza anyamaze. Wimbo ukikosa mtu mmoja hulegea, kisha hufa wenyewe.

Sauti zinagombana hadi kichwa kinauma. Rudini kwenye noti ya nyumbani, kila mmoja aipige peke yake. Mara tisa kati ya kumi ni uzi mmoja umelegea. Kama nyuzi ziko sawa, mwenye kinanda ameingia kwenye vitufe vyeupe.

Ngozi za ngoma zimelegea. Ni mvua na unyevu wa ziwani. Ngoma za kawaida ziweke juani kidogo au mbali kiasi na jiko, ukizigeuza. Tabla usiisogeze karibu na moto hata kidogo, lile doa jeusi katikati ya ngozi litapasuka. Ifunike kwa nguo nzito tangu usiku.

Mtu ameanza kulia. Acheni mvumo uendelee kwa sauti ndogo, msimzunguke, msimwombee kwa kelele. Mmoja aliye karibu amuulize taratibu kama angependa kutoka nje. Machozi mara nyingi hupita yakamwacha mwepesi. Lakini mtu akiogopa, akipoteza fahamu ya mahali alipo, au akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kikao kiishe hapo hapo, afumbue macho, aguse sakafu, anywe maji, na apelekwe kwa daktari. Mwenye kifafa, au aliyewahi kuugua akili, azungumze na daktari wake kabla ya kujiunga. Na hakuna pombe wala bangi kabla ya kikao. Utulivu wa kukopa huwatoa wengine kwenye wao.

Pasta wangu anasema hii ni kuita mapepo. Mkaribishe aketi. Hakuna jina linaloitwa, hakuna sala inayosomwa, hakuna anayeabudiwa. Anayetaka kuomba kimoyomoyo kwa imani yake aombe, Mkristo, Mwislamu au Sikh. Kama bado hajaridhika, heshimu, usibishane naye.

Mpigaji wetu hodari anachoka, anasema ni mambo ya watoto. Mbadilishieni ala. Mpigaji wa gitaa akipewa orutu, ambayo hajui hata kuushika upinde wake, anarudi kuwa mgeni, na usikivu unamrudia dakika hiyo hiyo. Hata bila malalamiko, kila baada ya vikao kadhaa badilishaneni ala na mahali pa kukaa.

Niko peke yangu, Nakuru, sina kikundi. Anza na redio. Tafuta stesheni inayopiga muziki usioujua hata lugha yake, iweke kwa sauti ndogo, na uwe na jerikani au chupa yako. Sikiliza dakika kumi bila kugusa kitu. Kisha piga noti moja, isikilize ikiisha, rudi kwenye redio. Fanya hivyo kila siku saa ile ile, na jirani akibisha hodi kuuliza unapiga nini, mpe chupa ya pili.